Shajara ya Kijivu: kumrudishia afya punda wa hamali mjini Lamu

Mwisho wa kaskazi: kumpokea

Kijivu ni punda dume wa makamo ambaye meno yake yanaonyesha kuwa amepita miaka kumi. Kwa muda wote tunaomjua, kazi yake imekuwa kubeba mchanga, mawe na saruji kutoka gatini hadi kwenye nyumba zinazojengwa nyuma ya mji, ambako vichochoro ni vyembamba mno kwa gari. Mwenyewe, mzee tunayemwita Ami, amekuwa kitandani kwa miezi kadhaa kwa maradhi ya mguu, na katika muda huo alimkodisha Kijivu kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya safari. Anayelipwa kwa safari, tena kwa punda asiye wake, hana kinachomlazimisha kumfungulia tandiko adhuhuri. Tulimkuta amefungwa kamba fupi nyuma ya jengo ambalo halijaisha, ameegemea ukuta, na ndoo iliyokuwa karibu naye ilikuwa kavu, imeganda saruji ndani.

Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayempiga mnyama kikatili, anayemtwisha kupita uwezo wake au anayemnyima chakula na maji, kwa hiyo njia ya kushtaki ilikuwa wazi. Tuliona ni bora kuanza kwa Ami, kwa sababu punda ni wake, na bila ridhaa yake mnyama huyu angepona kisha akarudishwa kwenye mateso yale yale. Ami hakutuzungusha. “Mchukueni, wanangu,” alituambia, “mimi siwezi hata kumpelekea maji. Akishasimama vizuri, ndipo tutazungumza mambo ya kazi.” Kwa idhini hiyo tumemleta kwenye ua wetu, tukimwongoza polepole kwa kituo, kwa maana kila baada ya kona mbili tatu alihitaji kusimama.

Hali yake ni hii. Watu wa farasi hupima unono wa mnyama kwa kipimo cha 1 hadi 9 kilichotolewa na Don Henneke huko Texas mwaka 1983. Punda hupimwa kwa 1 hadi 5, na aliye sawa huwa na 3. Kijivu yuko kwenye 1: mbavu zinahesabika kwa jicho, uti wa mgongo umechongoka, mifupa ya nyonga imetokeza, na shingo imekuwa nyembamba mahali ambapo punda mwenye afya huweka akiba ya mafuta. Kwa kumzungushia utepe kifuani na kupima urefu wa mwili tumekadiria uzito wake kuwa kilo 103 hivi. Mapigo ya moyo yalikuwa 64 kwa dakika, ilhali punda mzima aliyetulia huwa kati ya 36 na 52. Ana kidonda kikubwa kwenye mabega, kingine nyuma ya kwapa mahali pa mkanda wa tumbo, cha tatu chini ya mkia, na duara la nyama mbichi kwenye mguu wa mbele wa kulia mahali alipofungwa kamba. Matakoni kuna makovu ya fimbo, mapya juu ya ya zamani.

Daktari wa mifugo amemchoma sindano ya kinga ya pepopunda kabla ya jambo lingine lolote, kwani jamii ya farasi hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana, na kidonda chenye uchafu wa kinyesi na udongo ndicho mlango wake.

Wiki ya kwanza: chakula kwa kipimo

Kazi ngumu kuliko zote wiki hii imekuwa kuwazuia watu wema. Habari ilienea mtaani kwamba tuna punda aliyekaribia kufa kwa njaa, na kabla ya jioni jirani mmoja alikuwa ameleta beseni la ugali uliobaki, mwingine pumba za mahindi, na mtoto mmoja mkate aliopewa kwa ajili ya chai yake. Tuliwashukuru wote, na tukawaomba chakula kile wasimpe.

Sababu yake inafaa kuandikwa kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo wanyama wengi waliookolewa hupotea. Mwili ulioshinda na njaa kwa wiki nyingi huwa umezoea kuishi kwa kula mafuta na misuli yake wenyewe. Ukiupa ghafla nafaka au chakula kingine chenye wanga mwingi, homoni ya insulini hupanda, na insulini huvuta fosfati, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli. Kwa kuwa akiba ya madini hayo ilikwisha zamani, damu hubaki na upungufu mkubwa, na moyo, mapafu na mishipa ya fahamu hushindwa kufanya kazi. Mnyama aliyestahimili njaa miezi miwili huweza kufa siku chache tu baada ya kuanza kushiba. Anayemwonea huruma kwa kumjazia chakula ndiye anayemmaliza, naye hajui.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliojaribu vyakula mbalimbali kwa farasi waliokondeshwa na njaa, waliona majani makavu ya lusina (alfalfa) yanafaa kuliko vingine, kwa sababu yana protini, fosfati na magnesi kwa wingi na wanga kidogo. Mpangilio wao wa farasi huanza na karibu nusu kilo kila baada ya saa nne. Sisi tumeupunguza kulingana na uzito wa punda, kiasi kwamba kila mlo ni konzi chache tu. Lusina yenyewe inatoka bara na kuvuka kwa mashua kutoka Mokowe, na bei yake si ndogo, lakini kwa siku hizi za mwanzo hatutaki kitu kingine. Tumepangiana zamu za usiku pia, kwa maana tumbo la jamii ya farasi limeumbwa kupokea kidogo kidogo mchana na usiku, na kumlisha mara mbili kwa kutwa kungemletea chango, yaani maumivu makali ya tumbo.

Maji hatumpimii, ila tunayabadilisha kila mara. Punda anaweza kuvumilia kiu kuliko mnyama yeyote wa kufugwa isipokuwa ngamia, lakini uvumilivu huo haumfanyi akubali maji machafu, na ndoo yenye harufu ya sabuni au saruji huinusa tu akageuza kichwa. Tuliposugua pipa kwa mchanga na kulisuuza vizuri, alikunywa kwa mfululizo mrefu, masikio yakicheza kwa kila funda.

Wiki ya pili na ya tatu: vidonda

Kidonda cha mabegani kilikuwa kimeungana na kipande cha gunia. Tandiko lake la zamani lilikuwa gunia la nailoni lililokunjwa, na usaha ulipokauka nyuzi zilibaki ndani ya nyama. Kuling'oa kungechana kila kilichokuwa kimeanza kupona, kwa hiyo tulichemsha maji, tukatia chumvi gramu 9 kwa lita, tukayaacha yapoe hadi kuwa vuguvugu, na tukayamimina kwa kikombe juu ya gunia bila kuligusa. Kwa muda mrefu halikutokea lolote zaidi ya maji ya rangi ya kutu kushuka ubavuni. Kisha ukingo mmoja ulilegea, uzi baada ya uzi, na mwenzangu akawa anainua kwa kibano kile tu kilichokuwa kimejiachia chenyewe. Kijivu alisimama muda wote huo bila kutikisa mguu. Mtu asiyewajua punda angesema hasikii maumivu. Aliyemtazama usoni aliona pua iliyokazwa na macho yaliyofumbwa nusu.

Chini ya gunia kulikuwa na tope jeusi lenye harufu ya karakana. Ni mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, ambayo baadhi ya wapakizi huyapaka vidondani kwa imani kwamba yanafukuza nzi. Wengine hutumia maji ya betri au jivu. Nzi huenda wakapungua kwa siku moja, lakini mafuta hayo huunguza nyama changa inayojaribu kuziba jeraha, na kidonda hubaki wazi miezi na miezi. Badala yake tunaosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, tunapaka asali safi kwenye nyama iliyo wazi, na dawa ya kufukuza nzi tunaipaka pembezoni tu, juu ya ngozi nzima. Nzi si wa kupuuzwa, kwani baadhi yao huacha kwenye vidonda mabuu ya mnyoo wa tumboni anayeitwa habronema, na kidonda chenye mabuu hao huvimba nyama badala ya kufunga.

Mji huu una neema moja ambayo miji mingine mingi yenye punda haina: shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki ya punda hapa Lamu mwaka 1987, na kizazi kizima kimekua kikiona punda akitibiwa kama kiumbe mwenye thamani. Ndiyo maana majirani wanaposimama mlangoni kutazama, maswali wanayouliza ni ya watu wanaotaka kujua.

Masika: tumbo, meno, kwato

Mvua zimeanza, na ua umelowa. Tumeinua sehemu ya kulalia kwa mchanga mkavu na kuiezeka makuti, kwa sababu ukwato wa punda uliumbwa kwa nchi kavu, hunyonya maji upesi kuliko wa farasi, na unapokaa kwenye unyevu na mkojo huoza katikati. Kwato za mbele zilikuwa ndefu, zimejikunja kwa mbele kama ncha za makubazi. Fundi amezipunguza kidogo, na atarudi baada ya wiki kadhaa kuzipunguza tena, kwa kuwa kuzikata zote kwa mara moja kungebadilisha mkao wa mguu ghafla na kuumiza mishipa ya nyuma yake.

Meno yamesuguliwa. Magego ya juu yalikuwa na makali yaliyokata shavu kwa ndani, jambo linaloeleza kwa nini alikuwa akidondosha majani yaliyotafunwa nusu.

Dawa ya minyoo daktari aliichelewesha makusudi. Minyoo mingi ikifa kwa pamoja ndani ya mnyama dhaifu, utumbo wenyewe huweza kuvimba, kwa hiyo alisubiri hadi alipoona uzito unapanda, ndipo akampa ivamektini kwa kipimo cha kilo zake.

Kisha tukapata usiku mmoja wa wasiwasi. Farasi mwenye chango hujitupa chini na kugaagaa, na kila mtu hujua kuna shida. Punda huinamisha kichwa tu na kuacha kula. Kijivu aliacha konzi yake ya jioni bila kuinusa. Daktari alisikiliza tumbo, akampitishia taratibu mafuta ya kulainisha kinyesi kwa mpira wa puani, na tukamtembeza kidogo kidogo hadi karibu na alfajiri, alipotoa kinyesi kigumu kilichoviringishia vipande vya mfuko wa plastiki wa rangi ya samawati. Mifuko ya aina hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini iliyokwisha kutupwa bado imo kwenye majalala, na punda anayefunguliwa jioni ajitafutie chakula mwenyewe huila kwa sababu ina harufu ya chakula kilichokuwa ndani. Sikubaliani na wanaosema punda wa mjini “hujilisha.” Anayeachwa jalalani hajalishwa.

Kusi: hofu

Mwili umetangulia, moyo unafuata kwa mbali. Mabega yamefunga kwa ngozi nyororo ya waridi, mbavu zinaanza kufichika, lakini mtu akiinua mkono juu ya usawa wa kifua chake, hata kwa kujikuna, Kijivu hukauka pale pale aliposimama.

Kukauka huko ndiko kunakowaponza punda. Farasi akiogopa hukimbia, kwa hiyo hofu yake inaonekana. Punda akiogopa husimama kwanza, aitazame hatari na kuipima, na mtu aliye nyuma yake mwenye haraka ya safari huona ukaidi, akapiga. Kadiri anavyopigwa ndivyo anavyozidi kusimama, na mwisho wake ni yale makovu ya matakoni.

Asubuhi moja kijana wetu alikuwa akifagia ua kwa ufagio wenye mpini. Kijivu alikuwa anakula. Mpini ulipoinuka, taya zilisimama na majani yakibaki yananing'inia mdomoni, misuli ya mapaja ikaanza kutetemeka, naye akakojoa pale pale. Tangu siku hiyo ufagio umeingia kwenye ratiba. Kijana hufagia kona ya mbali wakati Kijivu anakula, na hasogei hatua moja mbele hadi punda mwenyewe arudi kutafuna. Siku nyingine kona ni ile ile na hakuna kinachobadilika, nasi tunaliandika hilo pia, kwani siku isiyo na jipya lakini isiyo na hofu ni siku iliyofanya kazi.

Kumgusa tunaanzia begani kila mara, kamwe si kichwani. Mkono unawekwa, unatulia, na unaondolewa angali ametulia, kabla hajaona haja ya kujitoa. Masikio ndiyo yamekuwa ya mwisho, kwa sababu inaonekana alizoeshwa kukamatwa kwayo na kuvutwa. Wiki hii ameniacha nipitishe kiganja kutoka shingoni hadi kwenye shina la sikio la kushoto, na akashusha kichwa. La kulia bado, na hatumlazimishi.

Msaada mkubwa umetoka mahali ambapo hatukupapanga. Ami ana punda jike pia, anayebeba maji kwa binti yake. Punda hushikamana na mwenzake kuliko watu wengi wanavyodhani, na wawili waliozoeana wakitenganishwa, mmoja huweza kuacha kula. Punda aliyeacha kula yuko hatarini kwa namna yake pekee, maana mafuta ya akiba humiminika kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Binti yake Ami alikubali jike alale uani kwetu. Tangu aje, Kijivu analala chini usiku, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu tumpokee, na asubuhi jike anapokuja kwa watu bila wasiwasi, yeye humfuata hatua chache nyuma.

Kipupwe: tandiko na mzigo

Utepe wa kifua umefika sentimita 108, na makadirio ya uzito ni kilo 119 hivi. Daktari amempa 3 kasoro kidogo. Ami ametembea kwa mkongojo wake hadi kwetu, akakaa barazani, na mazungumzo ya kazi yameanza kama alivyoahidi.

Nilimweleza kwa hesabu, kwa kuwa Ami ni mtu wa hesabu. Punda wa ukubwa huu asibebeshwe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 kwa Kijivu. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Aliyekuwa amemkodi alimpakia mifuko miwili, mmoja kila upande, ambayo ni kilo 100, karibu sawa na uzito wote aliokuwa nao siku tulipompokea. Ami alinyamaza, kisha akasema lililo kweli: “Saruji ndiyo inayolipa, mwanangu. Maji hayalipi hivyo.” Sikumpinga, kwa maana nyumba yake inakula kwa punda hawa wawili. Tuliafikiana kwamba saruji isafirishwe kwa mkokoteni kadiri njia inavyoruhusu, na Kijivu atabeba madumu mawili ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 40 kamili, au mchanga wa uzito huo huo uliogawanywa sawa pande mbili. Pato la kila safari litapungua. Ami amehesabu pia kwamba katika miezi ambayo Kijivu amekuwa mgonjwa pato lake lilikuwa sifuri, na hesabu hiyo aliifanya mwenyewe bila mimi kuitaja.

Tandiko jipya limeshonwa kwa sharti moja kubwa: kitu chochote kisiguse uti wa mgongo. Ni mito miwili mirefu ya turubai iliyojazwa majani makavu kwa kubanwa sana, imeunganishwa juu kwa vitambaa vipana ili katikati pabaki mfereji unaopitisha hewa, na upande wa ngozi umevikwa pamba iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika. Nailoni haipo popote. Kamba ya chini ya mkia tumeiondoa na kuweka utepe mpana wa pamba uliojazwa, na mkanda wa tumbo umesogezwa nyuma ya kovu. Shogi, yaani mfuko wa pande mbili wa kutilia mzigo, huning'inia juu ya mito, na kabla ya kuitia chochote tunapitisha vidole chini ya tandiko pande zote mbili. Vidole visipopita, tandiko halijakaa.

Kijivu amevikwa tandiko tupu, uani, jike akiwa pembeni. Alikauka lilipoinuliwa. Tulilishusha chini mbele yake, akalinusa kwa muda wake, na jaribio la kumvika likaahirishwa hadi kesho yake, alipolikubali. Sasa anatembea nalo hadi ufukweni na kurudi, bila mzigo, na baada ya kila matembezi tunampapasa mgongo kutafuta joto, uvimbe au manyoya yaliyovunjika. Sehemu moja nyuma ya bega la kushoto ilikuwa na joto, mto ukapunguzwa majani mahali hapo, na joto halikurudi.

Mambo yaliyobaki

Madumu matupu yataanza wiki ijayo, kisha nusu, kisha kamili, na kila hatua itasubiri mgongo uliokaguliwa. Ami amekubali kwamba tandiko litavuliwa adhuhuri na kwamba Ijumaa hapana kazi. Ukwato wa mbele wa kulia unahitaji fundi mara moja zaidi. Sikio la kulia bado haligusiki. Jike wa Ami naye ana alama nyeupe za tandiko la zamani, na mito yake imekwisha kukatwa kwa kiolezo kile kile, inasubiri kushonwa.

Yule aliyekuwa amemkodi Kijivu amekwisha kukodi punda mwingine kutoka mtaa wa pili. Tumekwenda kwa mwenye punda huyo tukiwa na Ami, kwa kuwa neno la mwenye punda kwa mwenye punda mwenzake lina uzito kuliko letu, tukamwonyesha tandiko na hesabu ya mfuko wa saruji. Bado hajatupa jibu, na Ami amesema atamrudia baada ya swala ya Ijumaa.